Mwanangu anaharisha, mama mkwe anasema ni meno ya plastiki

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kike wa miezi minane, tunaishi kijijini wilaya ya Chamwino. Tangu aanze kutambaa ameharisha mara tatu, na safari hii leo ni siku ya tatu. Anaharisha majimaji mara sita au saba kwa siku, na anatapika kidogo. Zahanati walinipa pakiti za ORS na vidonge vya zinki, wakasema hakuna dawa nyingine. Nampa ORS tangu jana lakini bado anaharisha vilevile. Mama mkwe amemfunua mdomo akanionyesha weupe kwenye fizi, anasema ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto atakufa. Mtoto wa jirani alitolewa akapona. Tena ananikataza kumpa maji na kumnyonyesha sana, anasema ndivyo vinavyozidisha. Mume wangu yuko machimboni, nikimpigia simu anasema nimsikilize mama. Je, haya meno yapo kweli? Kwa nini zahanati hawakumpa dawa ya kufunga tumbo? Na nifanye nini leo?"

Marahaba, mama. Pole sana na siku tatu hizi.

Nianze na la leo, maelezo yatafuata. Usimpeleke mtoto kutolewa meno. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana, na ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, uiongeze, usiipunguze. Zinki mpe kila siku mpaka zitimie siku 10, hata kama kesho ataamka amepata choo kizuri. Kisha, kabla hujaendelea kusoma, mwangalie. Ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kinachoingia, amelegea na haamki vizuri ukimwita, amepata degedege, au choo chake kina damu, weka simu chini, mbebe uende kituo cha afya sasa hivi, iwe usiku iwe mchana. Kama hana hata moja kati ya hayo, analia kwa nguvu, ananyonya na anakutazama, basi kaa naye tuzungumze.

Naona pale ulipokwama. Umempa ORS tangu jana na bado anaharisha, kwa hiyo unaona dawa ya zahanati imeshindwa, na ikishindwa hiyo, ya mganga inaanza kuonekana ya maana. Wazazi wengi hukwama hapohapo, na lawama kubwa ni yetu sisi watoa huduma: tunakabidhi pakiti bila kueleza kazi yake. ORS haifungi tumbo. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtoto anaweza kuinywa vizuri kabisa na akaendelea kuharisha siku mbili tatu zaidi, na dawa ikawa imefanya kazi yake yote.

Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vinavyotoka. Mtoto anayeharisha majimaji hauawi na choo chenyewe, anauawa na kuishiwa maji mwilini. Mchukue mwanao, tuseme ana kilo 8. Akipoteza mililita 400, maji ambayo hayajazi hata ile chupa ndogo ya nusu lita, tayari dalili zinaonekana: macho yanaingia ndani, utosi unabonyea, anasumbua, ukimpa maji anayagombania. Akifika mililita 800 bila kurudishiwa, damu inapungua kiasi cha kushindwa kuzunguka sawasawa. Mikono na miguu inapoa, mkojo unakatika, mtoto analegea. Mtu mzima akipoteza nusu lita ataona kiu na kuendelea na shughuli zake, lakini mwili wa kilo 8 hauna akiba hiyo. Kwa mtoto anayeharisha kwa nguvu, kutoka kucheza hadi kulegea kunaweza kuchukua saa chache tu, na ndiyo maana siku nzima ya kutafuta mganga wa kienyeji wa kutoa meno hayo ni siku ghali mno.

Sasa hili la kumnyima maji. Mama mkwe ameona kwa macho yake kwamba mtoto akinyonya tu, anaharisha. Hajakosea alichokiona. Tumbo la mtoto yeyote, hata mzima, likipokea chakula au maziwa, utumbo mkubwa hujisukuma, na ndiyo maana wachanga wengi hupata choo wakiwa bado kwenye titi. Ila kinachotoka wakati huo ni cha zamani, kilikuwa kimeshajikusanya huko chini. Maziwa aliyonyonya dakika hiyo bado yako juu, na sehemu kubwa yatafyonzwa. Ukimnyima, choo kitapungua kweli, kwa sababu mwili umeanza kukauka na hauna cha kutoa. Choo kinachopungua huku mtoto akizidi kulegea na kukosa mkojo ni dalili mbaya, hata kama nyumbani wote wameshusha pumzi.

Nikueleze ORS inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa hutahitaji mtu wa kukusisitiza. Ndani ya ukuta wa utumbo mdogo kuna vijimlango vya kupitisha chumvi kuingia kwenye damu. Virusi vinavyoharisha watoto vinaharibu sehemu kubwa ya ukuta huo, na chumvi ikiwa peke yake inapita kwa shida. Lakini kuna mlango mmoja unaobaki ukifanya kazi hata mtoto akiwa mgonjwa sana, nao uko kama geti zito la zizi linalohitaji watu wawili kuliinua: chumvi haipiti mpaka iwe pamoja na glukosi, yaani sukari. Vikiingia vyote viwili, maji huvifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi kwa mtoto aliyekaukiwa, na ndiyo maana vipimo vya kwenye pakiti haviguswi. Sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye soda na juisi za dukani, inabaki ndani ya utumbo na kuyavuta maji kutoka mwilini, na mtoto anaharisha zaidi. Chumvi ikizidi inaweza kumletea degedege.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika kambini Bangaon upande wa India na kipindupindu kikawaingilia. Dripu zikaisha. Daktari aliyekuwa pale, Dilip Mahalanabis, aliamua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji safi na kuwaachia mama, baba na ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Walioanza kunyweshwa, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika 100. Walionywesha hawakuwa manesi. Walikuwa watu kama wewe na mama mkwe wako, wamekaa chini na kikombe.

Na jinsi ya kunywesha ndipo kazi ilipo. Osha mikono kwa sabuni. Soma pakiti yako kwanza, kwa sababu zipo za lita moja na zipo za nusu lita. Kama ni ya lita moja, tafuta chupa safi ya lita moja, ijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, mimina unga wote, tikisa. Usigawe pakiti nusu nusu, usiongeze sukari hata kama imekuwa na ladha mbaya. Ikipita siku, mwaga kilichobaki utengeneze nyingine.

Kila anapoharisha, mpe kati ya mililita 50 na 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Akiwa ameshaanza kuonyesha dalili za kukaukiwa, kituoni tunamrudishia mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Kwa kilo 8 hiyo ni mililita 600. Inatisha ukiitazama kwenye chupa, lakini kijiko cha chai kina mililita 5, na kijiko kimoja kila dakika mbili kwa saa nne ndizo hizo 600 kamili. Usimpe kwa chupa yenye chuchu wala usimmiminie kikombe kizima kwa mara moja, tumbo lililochafuka litakirudisha. Mwinue kichwa kidogo, weka kijiko pembeni ya mdomo, subiri ameze. Akitapika, mwache apumzike dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Mama wengi huacha baada ya tapishi la kwanza wakiamini mtoto ameikataa dawa. Kinachorudi mara nyingi ni kidogo kuliko ulichompa, sehemu imeshapita. Katikati ya vijiko mnyonyeshe.

Kama pakiti zimeisha na zahanati ni mbali, changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Ukiona huna uhakika na chumvi, bora uache na umpe uji mwepesi sana au maji ya mchele pamoja na titi mpaka upate pakiti.

Zinki nayo isidharauliwe kwa sababu ni kidonge kidogo. Kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, kinayeyushwa kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa yako. Ina ladha ya chuma na anaweza kuitema mara ya kwanza. Inasaidia ukuta wa utumbo kujijenga upya, inafupisha ugonjwa, na inapunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Wewe unayeniambia hii ni mara ya tatu ndiye hasa unayeihitaji. Ukiiacha siku ya nne kwa sababu tumbo limetulia, umepata nusu ya faida.

Umeuliza kwa nini hawakumpa dawa ya kufunga. Hapo naomba uwashukuru wale wa zahanati, walifanya jambo sahihi na gumu, kwa sababu mama akitoka na pakiti tu huona hakuhudumiwa. Dawa za watu wazima za kuzuia kuharisha hufanya utumbo uache kusukuma. Kwa mtoto mdogo utumbo unaweza kusimama kabisa, tumbo likavimba, uchafu ukabaki ndani, na wapo watoto waliopoteza maisha hivyo. Antibayotiki nazo haziui virusi, na virusi ndivyo vinavyosababisha sehemu kubwa ya kuharisha majimaji kwa watoto wa umri huu. Zinahitajika kukiwa na damu kwenye choo, au kipindupindu, au mtoto ana maambukizi mengine kama nimonia. Ukienda duka la dawa ukaambiwa "mpe Flagyl", uliza ameona damu wapi. Dawa hiyo ina kazi yake, lakini kwa kuharisha kama unakonieleza inamwongezea mtoto kichefuchefu tu, na wewe inakumalizia pesa ambayo ungenunulia ndizi na mayai.

Sasa meno. Nakujibu moja kwa moja: weupe aliokuonyesha mama mkwe upo, hakuubuni. Meno ya plastiki hayapo. Alichokigusa pale kwenye fizi ni chonge. Meno yote ya utotoni huanza kutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni, na yanakaa ndani ya fizi yakisubiri zamu. Chonge ni nene na zinachelewa, hutokeza kuanzia kama miezi 16 hadi 22. Kati ya miezi minne na tisa hivi zinaivimbisha fizi na kuifanya iwe nyeupe upande wa juu au wa chini. Mfunue mdomo mtoto yeyote mzima wa umri huo hapo kijijini, wa rafiki yako asiyeharisha, utaona weupe uleule. Fanya hivyo kabla ya kuamini neno langu.

Mganga anapochimba kwa wembe, spoku ya baiskeli au msumari uliopashwa moto, anatoa kitu cheupe, laini, anakionyesha kwenye kiganja na kila mtu anashtuka: kweli, si jino la kawaida! Ni laini kwa sababu halijakomaa. Amelitoa kabla ya wakati wake, na mara nyingine anaharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake, ambalo mtoto angelitumia mpaka uzeeni. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtoto aliyekuwa ananyonya sasa ana kidonda mdomoni, anakataa titi na anakataa kijiko, wakati uleule ambao maji ndiyo tiba yake. Juu ya hapo kuna kutokwa damu nyingi, vijidudu kuingia kwenye damu, pepopunda, na wembe uliopita kwenye midomo ya watoto wengine unaoweza kuleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Watoto wa namna hii nimewapokea wodini. Wanaletwa wamekauka, wana homa, fizi zimevimba, na mama hasemi kilichofanyika mpaka umuulize kwa upole mara ya pili. Yaleyale nayasema kwa kukata kimeo, ambako hufanywa mtoto akikohoa.

Lakini mtoto wa jirani alipona, na huo ndio ushahidi mzito zaidi hapo nyumbani, kwa hiyo tuutazame vizuri. Kuharisha kwa virusi huisha wenyewe kwa watoto wengi ndani ya siku tatu hadi saba. Hakuna anayempeleka mtoto kwa mganga siku ya kwanza. Wanasubiri, wanajaribu dawa, wanatafuta nauli, siku ya nne au ya tano wanakwenda. Siku mbili baadaye tumbo linatulia, kama ambavyo lingetulia bila wembe, na sifa anachukua mganga. Mtoto akifa, wanasema mlichelewa kumleta, au meno mengine yalibaki. Kwa hesabu hiyo mganga hawezi kushindwa hata siku moja. Na kwa nini kuharisha na weupe wa fizi vinakuja pamoja? Kwa sababu umri huohuo kinga aliyotoka nayo kwako imepungua, ameanza uji, na anatambaa akiokota kila kitu na kukitia mdomoni. Vinakutana kwenye umri mmoja, kimoja hakisababishi kingine.

Kuna jambo moja unaweza kumuuliza mama mkwe kwa heshima zote: je, bibi yake aliyajua meno haya? Madaktari wa meno nchini walianza kuyaandika miaka ya 1980. Wazee wengi wa Dodoma ukikaa nao watakwambia walipokuwa watoto hawakuyasikia. Si mila ya Wagogo ya kurithi, ni hofu iliyosambaa kijiji kwa kijiji.

Nasema hofu kwa sababu sitaki umwone mama mkwe kuwa adui. Fikiria amelea katika miaka gani. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 wanaozaliwa Tanzania wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ni karibu mmoja katika kila saba. Mwanamke wa rika lake amezika, au amesaidia kuzika, na wengi wa watoto hao waliondoka kwa kuharisha, nimonia, malaria na surua. Mwaka 2004-05 idadi ilikuwa 112, na utafiti wa 2022 ulikuta 43. Kushuka huko kumeletwa zaidi na vitu vidogo kuliko na hospitali kubwa: chanjo, vyandarua, kunyonyesha, matone ya vitamini A, na hivi vijiko ninavyokuhubiria. Bado 43 ni wengi, ni mtoto mmoja kati ya kila 23 hivi, na kwenye kuharisha tunaowapoteza mara nyingi ni wale waliofika kwetu wakiwa wamechelewa, maji yameshakwisha.

Kwa hiyo usibishane naye kuhusu plastiki usiku huu, hutashinda na mtoto hatanufaika. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, nisaidie kushika kikombe, zahanati wamesema kijiko kila dakika mbili na mimi nimechoka." Bibi mwenye subira ananywesha vizuri kuliko mama aliyekesha siku tatu. Kesho asubuhi nenda naye zahanati, amuulize nesi mwenyewe, au mwombe mhudumu wa afya wa jamii hapo kijijini apite nyumbani. Neno la mtu anayemfahamu lina uzito kuliko langu. Na mume wako mpigie, usimwambie "mama yako ananisumbua". Mwambie mtoto ana uzito gani, ameharisha mara ngapi, amekunywa kiasi gani, na kwamba daktari amekataza asikatwe fizi. Mwanaume aliye mbali anafuata sauti ya mwisho aliyoisikia. Hakikisha ni yako na ina maelezo kamili.

Kuhusu kuharisha mara tatu tangu aanze kutambaa. Chamwino na Dodoma yote tunajua mvua zetu: msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, baada ya hapo maji yanatafutwa. Mkifikia kuchota kwenye lambo au kisima cha mchanga korongoni, mifugo imeshafika kabla yenu. Maji hayo hata yakionekana meupe, ya mtoto yachemshwe au yatibiwe kwa dawa ya maji, yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko, yachotwe kwa kata yenye mkono ili vidole visizame. Fungeni kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa cha kunawia mikono, karibu na choo. Kinatumia maji kidogo sana, sabuni ikining'inia pembeni, hata kwa nyumba inayonunua maji kwa dumu inawezekana. Mtandikie mkeka anapotambaa, na mahali hapo pafagiliwe kinyesi cha kuku.

Kisha uji. Nakisia, kwa sababu nimekutana nalo nyumba nyingi: uji unapikwa asubuhi, unawekwa kwenye chupa ya chai, mtoto anapewa mpaka jioni ili mama aende shambani. Ndani ya chupa ile joto linashuka polepole mpaka linafika lile ambalo bakteria hupenda, na uji ni chakula chao pia. Pika kidogo kidogo, au pasha upya mpaka uchemke kabla ya kumpa. Usiuache uji kwa hofu ya kuharisha. Akishatulia kidogo mpe uji mzito wa uwele au mtama wenye karanga zilizosagwa vizuri au mafuta ya alizeti, ndizi iliyopondwa, mlenda, yai. Kwa wiki mbili baada ya kupona mwongezee mlo mmoja kwa siku, maana kila safari ya kuharisha inamwachia upungufu wa uzito, na mtoto aliyepungua uzito anaharisha kwa urahisi zaidi.

Tazama pia kadi yake ya kliniki. Chanjo ya rota, ambayo inazuia kuharisha kunakosababishwa na kirusi kikali kuliko vyote kwa watoto wachanga, inatolewa nchini tangu 2013, kwa matone, akiwa na wiki 6 na wiki 10. Haizuii kila aina ya kuharisha, kwa hiyo usione imeshindwa. Kama kuna nafasi tupu kwenye kadi, muulize nesi. Na akifika miezi 9 ana chanjo ya surua inayomsubiri mwezi ujao tu. Usiikose, maana surua nayo huleta kuharisha kubaya.

Nimalizie na lini uache kumtibu nyumbani. Nimeshataja dalili za kuondoka mara moja. Ongeza hii: bana ngozi ya tumbo lake kati ya kitovu na ubavu, kisha achia. Ya mtoto mwenye maji ya kutosha inarudi papo hapo. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, mtoto amekauka sana na anahitaji dripu, kijiko peke yake hakitoshi tena. Dripu ni kwa watoto wa aina hiyo na kwa wasioweza kunywa. Kwa anayekunywa haina faida zaidi ya ORS, na kwa mwenye utapiamlo mkali maji ya haraka yanaweza kuulemea moyo. Kwa hiyo akiwa amekonda sana, miguu imevimba, au utepe wa kupimia unene wa mkono kliniki umeonyesha rangi nyekundu, usimtibu nyumbani hata kama anaonekana mchangamfu. Akiwa na homa apelekwe apimwe. Mpeleke pia ikifika siku ya tano bila nafuu, na kuharisha kukifikisha siku 14 ni ugonjwa mwingine unaohitaji uchunguzi.

Mkipanda bodaboda, beba chupa ya ORS na kijiko, na msimame njiani kumnywesha kama safari ni ndefu. Zahanati ikiwa imefungwa usikae mlangoni kusubiri, endelea hadi kituo cha afya kinachofuata. Kwenye vituo vya serikali mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo, kwa hiyo usikubali mtu akuzuie nyumbani kwa kuwa hamna pesa. Ukifika, mwambie anayekupokea maneno haya kwanza, kabla ya jina: ameharisha siku ngapi, amekojoa mara ya mwisho lini, na fizi zake zimeguswa au hazijaguswa.